Kupima Aleji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hakuna kipimo cha "aleji zote". Naanza na hilo kwa sababu ndilo ombi linalosikika zaidi kwenye madirisha ya maabara, na ndilo linalowamaliza watu fedha bila kuwapa jibu. Kila kipimo cha aleji kinauliza jambo moja kuhusu kitu kimoja, na majibu yake hayana maana mpaka yawekwe kando ya maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Maswali yaliyo hapa chini yameandikwa kwa jinsi wagonjwa na wazazi wanavyoyauliza.

Nikishuku nina aleji, nianzie wapi?

Anzia kwa daktari au afisa tabibu, si maabara. Sehemu kubwa ya utambuzi wa aleji hufanyika kwenye mazungumzo. Utaulizwa ulikula, uligusa au ulivuta nini. Dalili zilianza baada ya muda gani. Zilikwisha zenyewe au kwa dawa. Ulikuwa umekunywa pombe, umefanya mazoezi au umemeza dawa ya maumivu kama diklofenaki au aspirini, maana hivyo vyote vinaweza kuchochea. Kisha litakuja swali ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote: baada ya siku ile, kitu hicho hicho umekitumia tena? Ilikuwaje? Mtu aliyevimba mdomo Jumatatu baada ya kula yai, kisha akala mayai Alhamisi na Jumamosi bila shida yoyote, mayai yake hayana kesi ya kujibu. Mshukiwa ni mwingine.

Muda nao unasema mengi. Aleji ya chakula ya aina ya haraka kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili: midomo kuvimba, mabaka yanayowasha, kutapika, kifua kubana. Ukila pweza Jumamosi ukaamka na vipele Jumatatu, kuna uwezekano mdogo sana kwamba ni pweza. Ipo aleji moja inayovunja kanuni hii, ile ya nyama ya ng'ombe, mbuzi au nguruwe inayotokana na kuumwa na kupe. Hiyo huchelewa saa kadhaa, mtu akashtuka usiku wa manane mwili umejaa mabaka ilhali chakula cha jioni amekwisha kukisahau. Imeripotiwa sana Marekani, Australia na Afrika Kusini.

Jambo la kufanya leo, kabla hujapanga miadi: piga picha ya vipele kwa simu yako. Mabaka ya aleji hufutika baada ya saa chache, na mara nyingi mgonjwa humfikia daktari ngozi ikiwa safi kabisa. Tunza pia pakiti ya ulichokula na boksi la dawa uliyomeza.

Hiyo IgE ninayoiona kwenye karatasi ya majibu ni nini?

Ni kingamwili, yaani protini inayotengenezwa na kinga ya mwili. Mwenye aleji ya karanga ana IgE inayoitambua karanga, nayo imejishikiza juu ya seli zenye histamini (kemikali inayoleta muwasho na uvimbe) zilizo kwenye ngozi, pua, mapafu na utumbo. Karanga ikiingia, IgE inainasa, seli zinamwaga histamini, na dalili zinaanza. Makundi mawili ya watafiti yaliifikia IgE karibu wakati mmoja, mwaka 1966 na 1967: Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, Marekani, na S.G.O. Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, Sweden. Jina lenyewe likakubaliwa mwaka 1968.

Si kila aleji hupita njia hiyo. Vipele vya piko, saruji au hereni za bei rahisi huletwa na seli za kinga zenyewe, polepole, siku moja au mbili baada ya kugusa. Vipimo vyake ni tofauti kabisa, tutavifikia.

Kipimo cha ngozi kinafanywaje? Kinauma?

Muuguzi anachora alama kwa kalamu kwenye mkono wako wa ndani, chini ya kiwiko, au mgongoni kwa mtoto mdogo. Kando ya kila alama anadondosha tone la kitu kinachopimwa: utitiri wa vumbi, mende, paka, chavua ya nyasi, maziwa, karanga na kadhalika. Kisha anachoma kidogo sana katikati ya tone kwa ncha maalumu, ncha mpya kwa kila tone. Damu haitakiwi kutoka. Watoto wengi hulia kwa woga wa kuona ncha kuliko maumivu yenyewe.

Baada ya dakika 15 hadi 20 majibu yanasomwa. Palipo na IgE ya kitu kile, panatokea uvimbe mdogo unaowasha kama ulioumwa na mbu. Uvimbe unapimwa kwa rula, na ukiwa na milimita 3 au zaidi kuliko tone la maji ya chumvi, kipimo kinahesabiwa kuwa chanya.

Matone mawili kati ya yote hayo ni ya ulinzi, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama yamewekwa. Moja ni histamini, ambayo lazima ivimbe kwa kila mtu. Isipovimba, ama umemeza dawa ya aleji karibuni, ama kuna hitilafu, na majibu yote hayafai. La pili ni maji ya chumvi, ambayo hayatakiwi kuvimba; yakivimba, ngozi yako inavimba kwa kuchokozwa tu. Dawa za kupimia hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na kwa miji yetu yenye kukatikakatika umeme jambo hili si dogo.

Jambo jingine ambalo vitabu vingi vya Ulaya hulipita juujuu: wekundu unaozunguka uvimbe hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi. Msomaji mzuri wa kipimo hiki anapapasa kwa kidole na kumulika taa kutoka ubavuni. Akiangalia kwa macho tu akitafuta wekundu, uvimbe mdogo unaweza kumpita.

Mbinu hii ina historia ndefu. Charles Blackley, daktari wa Manchester aliyesumbuliwa na mafua ya msimu wa nyasi, alijikwaruza ngozi mwenyewe na kuipaka chavua, akachapisha matokeo mwaka 1873.

Niache dawa gani kabla ya kipimo cha ngozi?

Dawa za aleji za kumeza. Setirizini na loratadini kwa kawaida huachwa kwa takriban wiki moja. Piriton kwa siku chache. Angalia dawa za mafua na kikohozi, maana nyingi zina dawa ya aleji ndani yake bila mtu kujua. Amitriptilini, inayotumika kwa maumivu ya mishipa na sonona, nayo inazuia uvimbe, lakini usiiache bila kuzungumza na aliyekuandikia. Krimu ya steroidi isipakwe mahali patakapochomwa.

Pampu za pumu usiziache. Mgonjwa wa pumu aliyeacha pampu ili aende kupimwa amejiweka hatarini bila faida, kwa sababu pampu haziharibu majibu, na mtu ambaye kifua chake kinabana siku hiyo hapaswi kuchomwa kabisa.

Kwa nini wengine wanapimwa damu badala ya ngozi?

Kwa sababu hawawezi kuacha dawa, au ngozi yao imejaa ukurutu na hakuna mahali pa kuchoma, au waliwahi kuzidiwa vibaya, au mahali walipo hakuna mtu mwenye ujuzi wa kipimo cha ngozi. Damu inachukuliwa mara moja tu, na dawa za aleji haziathiri majibu. Matokeo huandikwa kwa namba, kiwango cha IgE dhidi ya kila kitu kilichopimwa. Kwa miaka mingi mpaka uliotumika ulikuwa 0.35, mashine za sasa husoma hadi 0.1, na namba ndogo kama hizo ndizo zinazowatia watu hofu bila sababu.

Ubaya wake ni bei, na majibu kuchelewa, hasa sampuli inaposafirishwa nje ya nchi. Uliza gharama ya kila kitu kimoja kimoja. Vitu vinne vilivyochaguliwa kutokana na maelezo yako vina thamani kuliko paneli ya vitu 40.

IgE yangu ya jumla iko juu sana. Basi nina aleji?

Hapana, si lazima. IgE ya jumla ni hesabu ya IgE zote bila kujali zinatambua nini, na katika nchi zetu kinachoipandisha mara nyingi ni minyoo. Kichocho, minyoo ya safura, minyoo mikubwa ya tumbo: yote huifanya IgE ipande sana kwa mtu asiye na aleji yoyote. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria au kwenye mashamba ya mpunga na IgE yake ikawa juu anahitaji kupimwa choo na mkojo kabla ya kuambiwa aache mayai.

Kuna jambo la ndani zaidi hapa. Protini za kichocho zimebeba sukari zinazofanana na zile zilizo kwenye mimea, karanga ikiwamo. Watoto wa shule waliochunguzwa nchini Ghana walikutwa na IgE ya karanga kwenye damu huku wengi wao wakila karanga bila tatizo na ngozi zao zikikaa kimya. Kingamwili zao zilikuwa zinashika sukari hizo, na kingamwili za aina hiyo karibu hazileti dalili. Huyu ndiye mtoto anayetoka maabara na karatasi iliyoandikwa "karanga: chanya", na kuanzia siku hiyo anakatazwa uji wa karanga aliokuwa akiunywa kila asubuhi kwa raha zake.

Majibu yanasema mwanangu ana aleji na maziwa, mayai, ngano, karanga, samaki na soya. Nimwondolee vyote?

Mama, usimwondolee chochote leo. Kaa na karatasi hiyo na umpitishe mtoto kwenye vyakula kimoja kimoja kwa kumbukumbu zako. Maziwa anakunywa? Yanamfanya nini? Chapati anakula? Baada ya kula hutokea nini ndani ya saa mbili? Chakula anachokila mara kwa mara bila kupata dalili yoyote, mtoto hana aleji nacho, hata karatasi iseme nini.

Kipimo chanya, cha damu au cha ngozi, kinasema kwamba mwili umekifahamu kitu hicho na kutengeneza IgE. Hakisemi kwamba mtoto akikila ataugua. Tofauti hii ndiyo kiini cha suala zima la vipimo vya aleji, na ndiyo inayopotea mara nyingi kati ya dirisha la maabara na jiko la nyumbani. Aleji inakuwa aleji pale dalili na kipimo vinapokubaliana.

Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu madhara yake nayafahamu. Mtoto wa miaka miwili aliyeondolewa maziwa, mayai, samaki na karanga kwa pamoja, katika nyumba ambayo nyama huliwa mara moja kwa wiki, amebakiziwa ugali na mboga za majani. Anapungua uzito. Na kuna hatari isiyotarajiwa: mtoto mwenye ukurutu ambaye amekuwa akila chakula bila shida, akikiacha kwa miezi mingi, anaweza kukirudia na safari hii akapata shambulio la ghafla. Utafiti mkubwa wa karanga uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga walio hatarini waliopewa karanga mapema walipata aleji ya karanga kwa uchache mno kuliko walionyimwa.

Ukubwa wa namba au wa uvimbe una maana kidogo: kadiri unavyopanda, ndivyo uwezekano wa dalili za kweli unavyoongezeka. Huko Melbourne, Australia, watafiti waliona kwamba mtoto ambaye uvimbe wake wa karanga unafika milimita 8 karibu hakika ana aleji hiyo. Lakini mipaka ya namna hiyo ilipatikana kwa watoto wa huko, wasio na kichocho, na isihamishiwe Mwanza au Kisumu kama ilivyo. Vilevile ukubwa hautabiri ukali: mwenye uvimbe mdogo anaweza kuzidiwa vibaya, mwenye mkubwa akapata muwasho wa mdomo tu.

Sijawahi kuugua kwa kula kamba wa baharini, lakini kipimo cha kamba ni chanya. Inakuwaje?

Kamba, kaa, mende na utitiri wa vumbi wana protini ya misuli inayofanana sana. Mtu anayepiga chafya kila asubuhi kwa sababu ya utitiri wa godoro anaweza kuwa na IgE inayoishika protini hiyo popote inapoonekana. Ukanda wa pwani wenye joto na unyevu, kutoka Mombasa hadi Mtwara, ni makazi mazuri ya utitiri, kwa hiyo majibu ya aina hii ni ya kawaida. Kama unakula kamba na huugui, endelea kuwala.

Ukiwa na mafua ya aleji na kipimo cha vumbi kikatoka hasi, uliza ni utitiri wa aina gani uliopimwa. Nchi za joto zina aina iitwayo Blomia tropicalis ambayo haimo kwenye baadhi ya paneli zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Wakazi wa Nairobi wao hulaumu mijakaranda inayochanua Oktoba. Chavua ya mjakaranda ni nzito, hubebwa na nyuki wala si upepo, na mshukiwa bora ni nyasi.

Tulikula jodari watu wanne, watatu tukawa wekundu na vichwa vikatugonga. Sote tuna aleji ya samaki?

Karibu hakika hapana. Samaki kama jodari na vibua wakikaa juani bila barafu, bakteria huzalisha histamini ndani ya minofu yao, na kuipika hakuiondoi. Mnakula histamini iliyokwisha tengenezwa: uso unapata joto, moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma, pengine na kuharisha, ndani ya dakika chache hadi saa moja. Dalili zinafanana na aleji na dawa za aleji hutuliza. Kinachotofautisha ni kwamba waliougua ni zaidi ya mmoja, na kila mmoja wenu ameshawahi kula jodari bila neno. Kipimo cha aleji ya samaki kitatoka hasi. Huyo samaki aripotiwe kwa bwana afya.

Nikinywa maziwa tumbo linajaa gesi na ninaharisha. Nipime aleji?

Kama huna mabaka, kuvimba wala kubanwa kifua, hilo ni tatizo la kusaga sukari ya maziwa, na kinga ya mwili haihusiki. Watu wazima wengi barani Afrika wako hivyo, ingawa jamii nyingi za wafugaji wa Kenya na Tanzania hubaki na uwezo wa kuisaga maisha yote. Kipimo chake, pale kilipo, ni cha kupuliza pumzi baada ya kunywa sukari hiyo. Mtindi au maziwa ya mgando huwa hayasumbui sana.

Nilipakwa piko siku ya harusi, mikono ikatoka malengelenge. Napimwaje?

Kwa kipimo cha kubandika. Vibandiko vyenye vitu mbalimbali huwekwa mgongoni na kukaa saa 48 bila kulowa. Vikitolewa, ngozi inasomwa, kisha inasomwa tena siku ya tatu au ya nne, kwa kuwa baadhi ya majibu huchelewa. Mbinu hii ilielezwa na Josef Jadassohn mwaka 1895. Dawa za aleji za kumeza hazikizuii sana kipimo hiki, lakini steroidi za kumeza na krimu za steroidi mgongoni zinakiharibu.

Hina ya majani yenyewe ni nadra kuleta aleji. Piko nyeusi ni jambo jingine: wengi huitengeneza kwa dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye dawa za nywele tu, isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na hairuhusiwi kabisa kupakwa ngozini. Kwenye piko inaweza kuwa nyingi kupita hapo. Mara ya kwanza vipele vinaweza kuchelewa wiki nzima au zaidi. Mara ya pili vinawahi na vinakuwa vikali. Aliyepata aleji hii ameipata kwa maisha, na atakapopaka nywele dawa nyeusi miaka 20 baadaye uso unaweza kuvimba hadi macho yakafumba. Ndiyo maana bibi harusi aliyetoka malengelenge anastahili kupimwa na kuandikiwa jina la kemikali hiyo, asiishie kupewa krimu tu. Watalii wanaochorwa ufukweni Zanzibar nao hurudi kwao na tatizo hili hili.

Kipimo hicho hicho hutumika kwa fundi ujenzi mwenye mikono iliyopasuka kwa saruji, kwa wanaowashwa na hereni na vifungo vya suruali, na kwa wavaa glavu za mpira. Vipele vya kuzunguka mdomo baada ya kula embe kwa kulimenya kwa meno hutokana na utomvu wa ganda. Mwembe na mkorosho ni ndugu, na mafuta makali ya ganda la korosho huwafanyia hivyo hivyo wabanguaji.

Na yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi wa msimu wa mvua, Nairobi fly, anaunguza kwa sumu yake. Ngozi ya mtu yeyote itaungua. Hakuna cha kupima.

Kipimo gani kinatoa jibu la uhakika kabisa kwa chakula?

Kukila, mbele ya wataalamu. Mgonjwa anafika hospitali akiwa mzima, pumu yake imetulia, hajala. Anapewa chembe ndogo ya chakula kinachoshukiwa, wanasubiri dakika 20 au 30, anaongezewa, hivyo hivyo mpaka afikie kiasi cha mlo wa kawaida, kisha anaangaliwa kwa saa mbili hivi. Adrenalini inakuwa imeandaliwa kando ya kitanda. Kwa utafiti, au pale hofu inapoweza kuleta dalili yenyewe, chakula hufichwa ndani ya kingine ili mgonjwa na mhudumu wasijue ni siku ipi kimewekwa.

Usijaribu haya nyumbani kwa chakula kilichowahi kumvimbisha mtu au kumbana pumzi.

Niliambiwa utotoni nina aleji ya penisilini. Bado ninayo?

Pengine hukuwahi kuwa nayo. Marekani mtu 1 kati ya 10 ameandikiwa aleji hii kwenye faili, na wanapochunguzwa vizuri, zaidi ya 9 kati ya 10 wanaitumia dawa salama. Vipele vingi vya utotoni vilikuwa vya virusi ambavyo dawa ilitolewa kuvitibu. Hata walioipata kweli, wengi aleji hiyo hufifia ndani ya miaka 10. Inafaa kuchunguzwa, kwa kuwa lebo hiyo inakulazimisha kutumia dawa za bei ya juu zaidi na wakati mwingine zenye nguvu ndogo. Uchunguzi huanza na maelezo, kisha kipimo cha ngozi au dozi ndogo ya amoksilini chini ya uangalizi.

Dawa zilizowahi kuchubua ngozi yako, kukutia vidonda mdomoni na kwenye macho, kama inavyotokea kwa baadhi ya watu wanaotumia Septrin au nevirapini, hazijaribiwi tena kamwe, hata dozi ndogo. Hapo jina la dawa liandikwe kwenye daftari la kliniki kwa herufi kubwa.

Mabaka yanayowasha yananitoka karibu kila siku kwa miezi mitatu. Nimepima vitu 30, vyote hasi.

Yakizidi wiki sita, mara chache sana chanzo huwa ni chakula au kitu cha nje. Kinga ya mwili inajichokoza yenyewe. Tiba ni dawa za aleji zisizoleta usingizi, kila siku, na daktari anaweza kupandisha dozi. Fedha za kipimo cha 31 ziweke kwenye dawa.

Nimeona tangazo la kupima "vyakula 200" kwa tone la damu, wengine kwa unywele au mashine ya kushika mkononi. Vinafaa?

Havifai. Vile vya damu kwa kawaida hupima IgG, kingamwili ambayo kila mtu hutengeneza dhidi ya anachokila. Mtu anayekula mihogo sana atakuwa na IgG ya mihogo. Jumuiya ya wataalamu wa aleji ya Ulaya ilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba kipimo hicho kisitumike kutafuta aleji ya chakula, na wenzao wa Marekani na Kanada wamesema hivyo hivyo. Unywele hauna IgE. Na mashine zinazopitisha umeme kwenye kidole hazijawahi kuthibitishwa.

Nilizidiwa ghafla baada ya kuumwa na nyuki, nikaanguka. Nipimwe lini?

Siku yenyewe kinachotakiwa ni adrenalini, idungwe kwenye msuli wa paja upande wa nje, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, na kurudiwa baada ya dakika 5 kama hali haibadiliki. Piriton na haidrokotizoni peke yake haziokoi maisha hapo. Hospitali yenye uwezo inaweza kuchukua damu ndani ya saa chache za mwanzo kupima triptasi, protini inayopanda seli za aleji zinapomwaga histamini, na kuilinganisha na damu ya siku inayofuata au baadaye.

Kutafuta IgE ya nyuki kunasubiri wiki 4 hadi 6. Mara baada ya shambulio kubwa kipimo kinaweza kutoka hasi kwa uongo.

Hospitali yetu ya wilaya haina vipimo hivi. Tufanyeje?

Mengi. Maelezo mazuri na picha za simu hazihitaji mashine. Pumu hutambuliwa kwa kusikiliza kifua na kupuliza kwenye kipima pumzi kabla na baada ya pampu. Mafua ya aleji hutibiwa kwa dawa ya pua bila kusubiri kipimo chochote. Kwa mtoto ambaye chakula kimoja kinashukiwa kumzidishia ukurutu polepole, na ambaye hajawahi kuvimba wala kutapika ghafla, daktari anaweza kuelekeza kiondolewe wiki 2 hadi 4 kisha kirudishwe. Sehemu ya kukirudisha ndiyo inayotoa jibu, na ndiyo familia nyingi huiruka. Rufaa iombwe kwa aliyewahi kuzidiwa, kwa mtoto anayeshindwa kukua, na kwa ngozi isiyopona. Hospitali ya KCMC Moshi, kwa mfano, ni kituo cha kanda cha kufundishia wataalamu wa ngozi.

Vipimo virudiwe baada ya muda gani?

Watoto wengi wenye aleji ya maziwa au mayai huachana nayo wanapokua, kwa hiyo hupimwa tena kila mwaka hivi, na namba ikishuka ndipo huitwa kula hospitalini. Aleji za karanga, samaki na kamba hudumu zaidi, hazina haja ya kukimbizwa kila mwaka. Ukienda, beba karatasi za zamani zote, hata zilizochakaa, na hakikisha majibu mapya yamefanywa kwa njia ile ile. Namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi.